Tope kwenye sehemu ya kulishia kondoo hei: dalili, chanzo na namna ya kulimaliza

Kondoo ni mnyama wa pakavu. Mwachie uwanja mzima achague pa kulala, atapanda kwenye mwinuko. Sisi ndio tunaomlazimisha kusimama topeni, kwa kuweka hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulishia, mahali pamoja wiki baada ya wiki huku mvua ikinyesha, kisha tunashangaa kwato zinapooza na nusu ya hei inapokanyagwa.

Mfugaji akiona tope, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni kumwaga kitu juu yake: kokoto, mchanga, majani makavu, chochote kilicho karibu. Mara nyingi fedha hiyo inazama pamoja na kokoto zenyewe. Tope la kwenye kihori, yaani chombo cha kuwekea hei, linahitaji maji, kwato, na kitu kinachooza, yaani samadi na hei iliyomwagika. Usipojua ni kipi kati ya hivyo kinachoongoza hapo kwako, utatibu kisichoumwa.

Kwa hiyo anza na koleo. Chimba shimo dogo hatua mbili tatu kutoka kwenye kihori, chini mpaka sentimita 30, uangalie ukuta wa shimo. Juu kabisa utakuta tope jeusi, laini, lenye nyuzi za hei na harufu ya samadi. Chini yake kuna tabaka la kijivu, gumu, lisilo na mizizi wala nyungunyungu. Koleo likifika hapo linagonga. Chini ya tabaka hilo, mara nyingi, kuna udongo wa kawaida kabisa, wenye unyevu wa kiasi. Tabaka hilo gumu limetengenezwa na kwato: udongo ukikanyagwa ukiwa umelowa, vijitundu vyake vya hewa na maji vinazibika. Mvua ikinyesha tena, maji hayana pa kupenya, yanabaki juu yakisubiri kuvurugwa. Ndiyo maana sehemu ya kulishia inaweza kuwa tope tupu wakati malisho ya jirani yake, yenye udongo uleule na mvua ileile, yanapitika kwa viatu vya kawaida.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo. Mvua ikiwa inanyesha kwa nguvu, vaa buti utoke nje uangalie maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Dakika kumi za kusimama mvuani zitakuonyesha usichoweza kukiona jua likishawaka.

Tope limekizunguka kihori kama pete, nje ya hapo ni pakavu

Hii ndiyo hali ya kawaida kuliko zote, na chanzo chake ni miguu pamoja na hei iliyomwagika. Piga hesabu. Chukulia una kondoo 40, kila mmoja unampa kilo 2 za hei kwa siku. Hizo ni kilo 80. Robo yake ikianguka chini, ni kilo 20 kila siku, kilo 600 kwa mwezi, zote katika duara la mita chache. Hei iliyokanyagwa inashika maji kama sponji, na chini yake ardhi haipati jua wala upepo. Ongeza kinyesi na mkojo wa kundi zima linalosimama hapo kwa saa nyingi, na tope litakuwapo hata mvua ikiwa ndogo.

Tiba ya kwanza ni kupunguza hei inayoanguka. Kihori kizuri kina trei chini ya fito, ya kudaka majani na vipande vidogo ambavyo ndivyo vyenye lishe zaidi. Nafasi kati ya fito iwe ya kumlazimisha kondoo ale akiwa ameingiza mdomo, asivute fungu zima na kurudi nalo nyuma. Akirudi nyuma, kinachoanguka ndicho anachokikanyaga. Usiweke kihori juu sana, maana hei itamwagikia shingoni na kuharibu manyoya, na vumbi litamwingia machoni. Kuhusu nyavu za kulishia, zinaokoa hei nyingi, lakini kondoo wenye pembe na wale wenye hereni za utambulisho masikioni wanaweza kunaswa. Kwa kundi lenye pembe mimi nisingezitumia.

Angalia pia kama wote wanapata nafasi. Ukitoa hei ya kula na kumaliza kwa wakati mmoja, kila kondoo mkubwa anahitaji kama sentimita 40 hadi 45 za ukingo wa kihori. Nafasi ikiwa finyu wanasukumana, wanazunguka, wanachimba ardhi kwa kwato, na wanyonge wanabaki nyuma wakila kilichoanguka topeni.

Kisha uamue jambo ambalo wafugaji wengi hawaliamui: unahama au unabaki? Kuna njia mbili zinazofanya kazi. Moja ni kuhamisha kihori mara kwa mara, kabla nyasi za chini hazijakatika, ili hakuna sehemu inayoumia kupita kiasi na samadi inasambaa shambani bila kubebwa. Nyingine ni kuchagua kipande kimoja, kukitoa sadaka, na kukijengea sakafu ya kudumu ili malisho mengine yote yapone. Kinachoharibu shamba ni kukaa katikati: kuacha kihori mpaka miguu inazama, ndipo unakisogeza mita tano, unangoja pale tena mpaka miguu izame. Ukifika mwisho wa msimu wa mvua una madonda sita badala ya moja. Kama unahama, hama mapema. Alama ya kuhama ni pale nyasi zinapoanza kulala na udongo kuonekana katikati yake.

Wenye eneo kubwa wanaweza kutandaza hei moja kwa moja juu ya nyasi, kila siku mahali papya, kwa mstari mrefu na mwembamba. Inafaa ardhi ikiwa imeshika vizuri na kiasi kikiwa ni cha kuliwa siku hiyohiyo. Siku ya mvua kubwa usifanye hivyo. Kondoo atakula kidogo na kulalia kingi.

Tope linaanzia upande mmoja, au limekaa kwa mstari

Hapo kuna maji yanayotembea. Fuata mstari kurudi nyuma mpaka uone yanakotoka.

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni paa. Watu husahau wingi wa maji ya paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 25 linatoa lita 1,500. Kama banda halina mifereji ya paani, maji hayo yote yanamwagika ukingoni, na kama kihori kiko pembeni ya banda, yanamwagika palepale kondoo wanaposimama. Hata kibanda kidogo cha kufunikia kihori chenyewe kina tatizo hili: kinakausha hei, lakini matone yake yanachimba mstari wa tope hasa pale miguu ya nyuma inapokanyaga. Weka mfereji wa paani na bomba la kuyapeleka maji mbali, au kwenye tangi ukayatumie. Kwa fedha utakayotumia, hakuna kazi nyingine kwenye ukurasa huu itakayokulipa haraka hivyo.

Chanzo cha pili ni mteremko. Kihori kikiwa chini ya kilima, maji ya shamba zima yanapita kwake. Chimba mtaro wa kina kifupi na mpana upande wa juu, ukikata mteremko kwa mshazari ili uyakamate maji na kuyazungusha pembeni, uyatoe kwenye eneo lenye nyasi nene. Mtaro mpana wenye nyasi ni bora kuliko mwembamba wenye kuta wima: haubomoki, na kondoo hawavunjiki mguu ndani yake. Ila kama unaweza tu kukihamishia kihori juu ya mwinuko, kihamishe. Kuhamisha ni bure.

Mstari wa tope unaweza pia kuwa ni wa magurudumu. Trekta au mkokoteni unaoleta marobota kwa njia ileile unachora mifereji miwili inayobeba maji hadi miguuni pa kondoo. Ama uijenge njia hiyo kwa kokoto, ama upange kihori kifikike kutoka ng'ambo ya uzio, ili gari lisiingie kabisa wanamosimama.

Maji yanatuama siku nzima baada ya mvua kukatika

Chimba shimo la sentimita 30 hapo, lijaze maji, subiri yaishe, lijaze tena. Kama baada ya siku nzima maji ya mara ya pili bado yamo, ardhi hainywi. Sasa fanya vivyo hivyo mahali pasipokanyagwa, umbali wa kutosha. Ikiwa huko maji yanazama vizuri, shida yako ni lile tabaka gumu tu: kwangua tope, lipasue tabaka kwa uma au jembe la kupasulia udongo ukiwa mkavu, na ulipumzishe eneo. Kulipasua likiwa bichi ni kazi bure, linajifunga upya. Ikiwa kote maji hayazami, una udongo wa mfinyanzi au maji ya chini yako karibu na uso, na hapo usipoteze muda kutibu ardhi. Panda juu: jenga jukwaa la udongo ulioshindiliwa, au sakafu ya kokoto, iliyoinuka kuliko pande zote.

Sakafu yoyote iwe na mwinamo wa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita. Chini ya hapo maji hayaondoki. Zaidi sana, yanabeba sakafu yenyewe.

Nilimwaga kokoto, zimezama

Zimezama kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzitenga na udongo. Kila kwato inasukuma jiwe chini, na tope linapanda juu kupitia nafasi iliyobaki. Unaweza kuongeza kokoto kila mwaka na kila mwaka zikapotea.

Utaratibu unaodumu ni huu. Kwangua tope lote mpaka ufikie udongo mgumu, kwa maana huwezi kujenga juu ya samadi. Tandika kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachotandikwa chini ya barabara za changarawe. Kinapitisha maji lakini hakiruhusu udongo kupanda. Vipande vipandane kwa sentimita 30 au zaidi. Juu yake weka kokoto za kupasuliwa zenye pembe, za sentimita 3 hadi 5, unene wa sentimita 15 hivi, ushindilie. Kokoto za mviringo za mtoni hazifai, zinateleza na hazishikani. Malizia kwa vumbi la mawe au changarawe laini, sentimita 5 hadi 8, nalo ulishindilie. Tabaka hili la mwisho si la urembo. Kondoo akisimama juu ya kokoto kubwa tupu, vijiwe vinamkwama katikati ya kwato na ncha zinamchubua. Utakuwa umeondoa tope ukaleta vilema.

Upana wa sakafu uvuke mahali miguu ya nyuma inapofika. Kondoo anayekula anachukua zaidi ya mita moja kutoka kihorini, na nyuma yake kuna mwingine anayesubiri. Mita 3 pande zote ni kiwango cha kuridhisha. Pungufu ya hapo unajenga kisiwa kilichozungukwa na tope.

Kitambaa na mawe vikikushinda bei, vipande vya mbao vilivyosagwa ni mbadala mzuri kwa msimu mmoja au miwili, vikiwa na kina cha sentimita 20 hadi 30. Vinapitisha maji na ni laini kwa kwato. Hakikisha havitokani na mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala miti yenye sumu kwa mifugo, na vikishaoza viondoe: vilivyooza ni tope jingine tu. Mchanga juu ya mfinyanzi uliolowa, bila kitambaa, usijaribu. Na majani makavu unayoyatupa juu ya tope ili kondoo wapate pa kukanyaga leo, yahesabu kuwa deni. Kesho yatakuwa sehemu ya tope.

Tope lipo hata mvua isiponyesha

Angalia birika la maji kwanza. Boya linalovuja au bomba linalodondoka polepole linatosha kulowesha eneo zima. Kisha angalia umbali. Ukiweka hei, maji na chumvi mahali pamoja, kondoo hawana sababu ya kuondoka hapo, na mkojo na kinyesi cha siku nzima vinaangukia palepale. Vitenganishe: hei hapa, birika mita kadhaa huko, chumvi kwingine. Watatembea, na mzigo wa miguu utagawanyika. Usiweke kimojawapo karibu na lango, kwa sababu lango lina tope lake tayari.

Kama birika ni zima, chimba katika hei iliyojikusanya. Ukikuta tabaka jeusi lenye joto na mvuke, ni samadi inayooza, na tope lako linatoka humo. Hapo dawa ni koleo na toroli.

Kondoo wanachechemea

Hii ndiyo dalili inayoniuma zaidi, kwa sababu kondoo mwenye mguu mbovu hushindwa kufika kihorini kwa wakati, anakonda, na anapiga magoti topeni ili ale. Mshike, mgeuze, safisha mguu, uangalie katikati ya kwato.

Ukikuta donge la tope lililokauka limebana kati ya vidole, litoe. Tatizo huenda likaishia hapo. Ukikuta ngozi ya katikati ni nyekundu au imefanya weupe, imelowa, lakini ukwato wenyewe haujabanduka na harufu si kali, hiyo ni hatua ya mwanzo ya ngozi iliyolainishwa na unyevu na kushambuliwa na bakteria. Wakihamia pakavu na kupita kwenye josho la miguu mara nyingi wanapona. Ukikuta ukwato umeanza kubanduka kutoka ndani, na harufu ya kuoza inayokufanya ugeuze uso, huo ni ugonjwa wa kuoza kwato, unaosababishwa na bakteria Dichelobacter nodosus. Huyo mtenge leo hii, maana anaambukiza wenzake kupitia tope hilohilo, na umwite daktari wa mifugo. Kwa kawaida sindano ya antibiotiki inahitajika. Usikate ukwato mpaka damu itoke. Zamani ilionekana ndiyo tiba, lakini inachelewesha kupona.

Josho linalotumika sana ni zinki salfeti ya asilimia 10, yaani kilo 1 kwa lita 10 za maji. Wanyweshe maji safi kabla ili wasijaribu kunywa dawa, safisha miguu kwanza, na baada ya kutoka waache wasimame kwenye sakafu kavu na ngumu kwa muda. Ukiwarudisha topeni moja kwa moja, dawa imeoshwa. Shaba salfeti iangalie kwa tahadhari kubwa, kwa sababu kondoo huathirika na sumu ya shaba upesi kuliko mifugo mingine mingi.

Bakteria hao hawaishi muda mrefu nje ya ukwato: kwa kawaida siku chache hadi wiki 2 hivi, na ubaridi na unyevu huwaongezea siku. Kwa hiyo kulihamisha kundi lililotibiwa kwenda mahali pakavu ambapo kondoo hawajakanyaga kwa zaidi ya muda huo ni sehemu ya tiba.

Tumbo na viwele vichafu, wanakondoo wanaharisha

Kondoo anayelala topeni anabeba tope tumboni, na manyoya yaliyolowa hayamkingi na baridi. Kwa jike anayenyonyesha hatari ni kubwa zaidi: mwanakondoo anafyonza samadi kabla ya maziwa, na uchafu ukipenya kwenye chuchu unaweza kuleta ugonjwa wa kiwele. Vijidudu vya koksidia navyo vinastawi penye unyevu na msongamano, na wanakondoo ndio wanaoharisha kwanza. Majike yaliyokaribia kuzaa na yenye watoto wachanga usiyalishie kwenye sehemu iliyoharibika hata kama huna muda wa kuitengeneza. Yapeleke penye nyasi au penye sakafu, madume na wasio na mimba wabaki. Wape wote mahali pakavu pa kulala palipo mbali na kihori, na utaona wanapaenda wenyewe.

Hei iliyochanganyika na udongo au iliyoota ukungu usiirudishe kihorini, hata kama nyasi zimeadimika. Bakteria wa listeria wamo udongoni, na ndiye anayesababisha kondoo kuzunguka upande mmoja huku sikio na mdomo vimelegea. Ukimwona kondoo wa namna hiyo usisubiri kesho. Bila dawa ya mapema hufa.

Tope limeshafika, na mvua bado

Usianze ujenzi. Kwangua linalokwangulika, ulirundike upande wa chini wa mteremko, mbali na mto, kisima au mfereji; mita 30 ni umbali wa chini kabisa ninaoukubali. Kihamishe kihori mahali pa juu zaidi ulipo napo, funika marobota yaliyobaki, tengeneza birika linalovuja, na utoe hei kiasi cha kuliwa chote. Hei isiyoanguka leo hutaikwangua wiki ijayo.

Mvua zikiisha, usingoje eneo likauke kama tofali. Kuna siku chache ambapo udongo haushikamani tena na koleo lakini bado unapasuka kirahisi. Siku hizo ndizo za kukwangua, kupasua tabaka gumu, kusawazisha mwinamo na kupanda nyasi kwenye vipande ulivyoamua kuvirudisha kuwa malisho. Vizungushie uzio mpaka mizizi ishike, yaani mpaka ukizivuta nyasi kwa mkono zikatike badala ya kung'oka. Samadi uliyoirundika igeuze mara kadhaa iwe mboji. Ina hei nyingi ndani yake, kwa hiyo itachukua miezi, na bustani itaipokea vizuri.